Aiskrimu ya Mramba

Mama yangu alikataa kijiko. Alikikataa siku ileile tuliyomtoa Muleba na kumleta nyumbani kwangu Kahororo, Bukoba, ameketi kwenye kochi, kitenge mabegani, mwili umebaki mifupa na macho. Nilimpikia uji mwepesi wa ulezi, nikauacha upoe, nikachota na kumpelekea mdomoni. Akaupiga mkono wangu kofi. "Mimi si kichanga chako," alisema, na uji ukamwagika kwenye zulia. Nilikasirika, nikaenda jikoni kutafuta kitambaa, na huko nikalia kidogo kabla ya kurudi kufuta.

Alikuwa na saratani ya koo. Madaktari wa Mwanza walituambia turudi naye nyumbani, tumpe chochote anachokipenda. Ukiambiwa hivyo unajua umeambiwa nini. Chochote anachokipenda, jamani, na koo lenyewe limebaki tundu la sindano! Ndizi alizozipika na kuzila tangu azaliwe zilimkwama. Chai ilimuunguza. Mchungaji alipokuja kumpa Chakula cha Bwana, hata ule mkate mwembamba ulirudi, na mama akageuzia uso ukutani kwa aibu.

Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye mapazia. Kila kiangazi huwa nawatengenezea wanangu aiskrimu ya kubana katikati ya biskuti. Sina ufundi mkubwa. Biskuti naoka mwenyewe kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Maziwa nachukua kwa jirani mwenye ng'ombe, nayachemsha na kuyapoza, naengua krimu, naipiga mpaka mkono uchoke, kisha nachanganya na maziwa ya kopo na tunda lililopo. Inagandia kwenye friza. Ikishikana naikata vipande, nabana kila kipande kati ya biskuti mbili, nafunga kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Karatasi hunata. Jani halinati.

Basi mama akawaona wajukuu wake wanakula, mikono inachuruzika. Akanyoosha mkono. "Nipe hicho."

"Mama, biskuti itakukwama."

"Nimesema nile biskuti? Nimesema nipe."

Nikampa. Akaishika kwa vidole vyake vyote kumi, akaizungusha polepole, akailamba pembeni, pale katikati ya biskuti mbili, huku na huku, mpaka aiskrimu yote ikaisha. Ilishuka. Niliiona ikishuka, nikajikuta nameza naye. Mwishoni zikabaki biskuti mbili kavukavu, akaziweka juu ya jani, akampa mjukuu wake mdogo. Alikuwa amekula kwa mkono wake, na hakuna mtu aliyemlisha. Tangu hapo hicho ndicho kikawa chakula chake.

Nikatengeneza kila ladha iliyowezekana. Nanasi lilimchoma, akanitukana kwa Kihaya tusi ambalo sijalisikia tangu nikiwa msichana. Pesheni nilichuja mbegu zote, akaikubali siku mbili tatu akaichoka. Parachichi lilimteleza vizuri, ila alisema ni kama kulamba sabuni. Papai alisema ni tunda la hospitali. Mgonjwa yule alikuwa na mdomo! Koo limeziba lakini maneno yalipata njia.

Siku moja akaniita nikae karibu. "Nataka mramba," alisema. "Mramba wa kibanja changu. Utie humo kwenye barafu zako. Halafu basi."

Mramba ni maji matamu ya ndizi mbivu yakiwa bado hayajawa pombe. Sisi sote tulikulia hayo. Lakini mramba kwetu ni kazi ya wanaume. Ndizi zinavundikwa shimoni mpaka ziive, zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, na mwanamume anazikanyaga pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Mwanamke huleta nyasi, huleta maji, halafu husogea pembeni. Mama, mke wa mtu na Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, hakuwahi kutia mguu kwenye mtumbwi ule maisha yake yote.

"Mrithi atakuja kukanyaga," aliongeza. "Mpigie simu."

Mrithi ni kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, kibanja cha Muleba, shamba letu la migomba na kahawa, alikabidhiwa yeye, na yeye akakiacha na mama ndani, akaenda Goziba kuvua dagaa. Nikampigia. Mtandao wa kisiwani unakuja na kuondoka, lakini nilimpata.

"Mama anataka mramba wako," nikamwambia. "Hana muda mrefu. Njoo."

"Nakuja, mdogo wangu. Sasa hivi ni giza. Giza likiisha tu nakuja."

Giza kwa wavuvi wa dagaa ni zile siku ambazo hakuna mbalamwezi, na ndizo siku za kuvua. Taa zinawashwa majini, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikirudi wanapumzika. Nilijua hayo yote. Nilijua pia kwamba mama hakuwa mtu wa kusubiri mwezi.

Nikamwacha na binti yangu mkubwa, nikaenda Muleba kwa baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye kibanja chake kinapakana na chetu. Alinipokea vizuri, akanipa buni za kutafuna, tukazungumza uani kahawa ikikauka kwenye mikeka. Ndizi alikubali kuvundika. Kukanyaga akakataa.

"Ndizi za kibanja cha kaka hukanyagwa na mrithi," alisema. "Mimi nikitia mguu kwenye mtumbwi ule, kesho utasikia nimekitamani kibanja. Watu hawana dogo."

"Hata kwa mgonjwa, baba?"

"Hasa kwa mgonjwa. Watasema sikusubiri hata afe. Mngoje mwenzako. Subira yavuta heri."

Tukangoja. Ndizi ziliiva, tukampigia kaka simu, akasema giza bado halijaisha. Ndizi zikapitiliza, zikawa nyeusi, nyuki na nzi wakajaa pale shimoni, baba mdogo akazimwaga chini ya migomba. Tena akavundika nyingine. Unaona akili zetu? Shimo zima la ndizi lilioza, na mwanamume mwenye miguu miwili mizima amesimama pembeni yake, kwa kuogopa maneno ya majirani! Na mimi nikaondoka pale nimenyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Mara ya pili nilipofika shimo lilikuwa limefunuliwa, ndizi ni za njano na zinanukia mpaka barabarani. Nikampigia kaka. Simu haikupatikana. Nikapiga tena nikiwa nimepanda juu ya kichuguu. Haikupatikana. Nyumbani mama alikuwa ameacha kulamba hata parachichi. Binti yangu alinitumia ujumbe: Bibi anauliza mramba umefika wapi.

"Ngoja mpaka jioni," baba mdogo alisema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu, na sijawahi kumjibu hivyo. Nikavua viatu, nikaosha miguu kwa sabuni, nikakunja sketi na kuifunga kiunoni kwa kanga. Nikamenya ndizi zote mwenyewe. Baba mdogo akaniangalia mpaka nilipozimimina kwenye mtumbwi, kisha akachukua panga lake akaenda nyuma ya nyumba. "Mimi nipo huku napogolea migomba," alisema. "Sijaona kitu."

Nikaingia. Ndizi mbivu miguuni zinateleza vibaya, nilianguka goti moja mara ya kwanza. Nikatia nyasi, nikakanyaga. Nyasi zilinikata vidole. Bibi mmoja jirani, rafiki wa mama, alikuwa anachuma kahawa ng'ambo ya ua wa miti, akasimama na kikapu chake.

"We mtoto! Utaota ndevu!"

"Zikiota nitazinyoa!" nikapiga kelele. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilimkanyaga kaka yangu mle ndani, niseme ukweli. Nilikanyaga giza lake na dagaa wake na neno lake la nakuja. Povu lilipopanda na maji yakaanza kujikusanya, yule bibi aliweka kikapu chini, akaja na kibuyu cha maji akanimwagia kidogo kidogo, kama wanawake wanavyowamwagia wanaume.

Nilirudi Bukoba na dumu mapajani. Mramba hausubiri, ukilala unaanza kuwa pombe, kwa hiyo nilifika na kuinjika hapohapo. Nikauchemsha mpaka ukapungua ukawa mzito, rangi ya asali. Nikaupoza, nikauchanganya na krimu, nikagandisha. Biskuti za siku hiyo nilizioka nyembamba kuliko zote. Nilifunga jani, nikampelekea.

Alifungua mwenyewe. Alinusa kwanza, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akalamba. Ikashuka.

"Nani amekanyaga?"

Ningeweza kusema ni kaka. Sikutaka. "Mimi, mama."

Akafumbua macho, akaitazama miguu yangu, ambayo bado ilikuwa na mikwaruzo ya nyasi. "Na mrithi?"

"Hajaja."

Akalamba tena. "Mramba wako una nyasi," alisema. "Hukuchuja vizuri." Akatoa kipande cha nyasi ulimini, akakifuta kwenye jani, akaendelea kulamba upande uleule, polepole, mpaka ukawa na mfereji. Nikangoja ageuze upande wa pili. Hakugeuza. Alilikunja jani juu yake, akanirudishia.

"Hii mwekee kaka yako."

Nikawaka. "Mama! Nimekukanyagia mimi! Mama, asiyekuwepo na lake halipo!"

"Wewe upo," alisema. "Anayewekewa ni yule asiyekuwepo." Alisema bila ukali, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Kisha akaomba alale.

Hakula kitu kingine. Alifariki asubuhi moja nikimgeuza ubavu, mkono wake umeshika kanga yangu. Tukamrudisha Muleba, tukamzika kibanjani pembeni ya baba, chini ya migomba ileile. Kaka alifika kaburi limeshafunikwa. Alikuja anakimbia kutoka barabarani, ananuka dagaa, akajitupa kwenye ule udongo akalia kuliko sisi wote. Watu wakamwinua, wakamfuta, wakamketisha kwenye kiti cha baba. Wazee walimpa mkono mmojammoja, pole mrithi, pole mrithi. Mimi nilikuwa jikoni napakua ndizi za waombolezaji, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yake ikishukuru watu kwa kumuuguza mama yake.

Ile aiskrimu ilibaki kwenye friza yangu. Wanangu niliwakataza kuigusa. Kuna siku umeme ulikatika mchana kutwa, nikasema potelea mbali, iyeyuke. Lakini sikufungua mlango wa friza, na yeyote aliyekaribia nilimfukuza, ili baridi isitoke.

Matanga yalipokwisha kaka alikuja Kahororo kuchukua Biblia ya mama na viatu vyake vya kanisani. Aliketi kwenye kochi lile. Nikamletea lile jani kwenye sahani.

"Mama alikuwekea," nikamwambia.

Akafungua. Aliuona ule mfereji upande mmoja, akaupitisha kidole, akaelewa. Nilitamani ashindwe. Nilitamani airudishe, aseme hastahili, nipate cha kumsamehe. Hakurudisha. Aliila. Aliila kwa kulamba kama alivyokula mama, na hakuna aliyemwonyesha, mpaka zikabaki biskuti mbili juu ya jani.

"Ndizi za nyumbani," alisema. "Nani alikanyaga?"

"Mimi."

Akanitazama. Alikuwa na macho ya mama, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, hakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Ungenisubiri, mdogo wangu," alisema.

Nikachukua sahani nikaenda jikoni. Zile biskuti mbili zilikuwa zimeloa upande mmoja, upande wa pili bado ni kavu. Nikazila zote mbili nimesimama pale kwenye sinki, zikanikwama, nikanywa maji.