Aliyeshika Kidau cha Wino

Kijiba cha roho cha Filomen hakikuanza ukubwani. Kilianza jikoni kwa Bibi Delakwa, mjini Sufriye, kisiwani kwetu, walipokuwa watumwa wawili wasichana: yeye kwenye pasi ya makaa, Zabet kwenye nyimbo. Kuimba nako kazi? Lakini Bibi akiumwa kichwa, huyo Zabet huitwa akaketi kitandani amwimbie. Filomen huitwa shuka zikitoka na kunyanzi.

Akafua na kupiga pasi nguo za watu kila Jumapili, miaka kumi, mpaka akajinunua. Siku Bibi alipotia alama yake kwenye karatasi ya uhuru, Zabet ndiye aliyemshikia kidau cha wino. Hakukuwa na mwingine chumbani.

Miaka minne ikapita. Bibi yuko kitandani, roho inamtoka, akamshika Zabet mkono. "Wewe nimekuacha huru, mwanangu." Basi, yamekwisha, kwa nyimbo tu! Filomen alikuwepo pembeni, kaitwa kunyoosha shuka za kupokelea wageni wa msiba, akayasikia yote. Yeye kajinunua, mwenzake kapewa bure. Usiku ule hakula wala hakulala.

Neno la Bibi halikuandikwa, maana kaburi lake halijaota nyasi, Wafaransa wa mapinduzi waliwatimua Waingereza, wakatangaza kwamba kisiwani hakuna tena mtumwa. Kisiwa chetu kilikuwa nyama kati ya mbwa wawili. Watu walishazoea kuamka wakiulizana, "Leo tunasalimu kwa lugha gani?" Kwa nini Zabet ahangaikie karatasi, na kila mtu yuko huru?

Mabwana walikuwa na serikali zao za kugombania, na sisi tulikuwa na yetu. Chama cha Waridi kilikuwa na mfalme, malkia, hakimu na polisi, wote weusi watupu, na kila mwaka siku ya Mtakatifu Roza tuliandamana kwenda kanisani, kisha tukaimba na kucheza mpaka miguu ikaomba radhi. Filomen hakukosa mazoezi hata mara moja. Sketi za wanachama wote alizitia wanga wa muhogo kwa mikono yake. Mwaka ule alijua, kiti cha malkia ni chake.

Wakamchagua Zabet. Kisa, sauti. Na gauni la malkia nani alilipiga pasi? Filomen huyo huyo, ameuma meno, anajibu kila anayemsalimia kwamba amefurahi sana.

Haukupita mwaka Waingereza wakarudi na mizinga yao. Karani akaweka meza mlangoni pa kanisa: waliofanywa huru na Wafaransa warudi kwa mabwana zao, wa kabla ya hapo waonyeshe karatasi au shahidi aliye huru. Mpwa wa Bibi Delakwa, mrithi wake mwenye shamba la miwa mlimani, alikuwa amesimama pale kumdai Zabet. Zabet hakuonyesha wasiwasi. Alisema Bibi alimwacha huru kabla ya Wafaransa, na Filomen alikuwepo.

Karani akamgeukia Filomen, akamuuliza kupitia mkalimani. Ulisikia?

Filomen alimtazama Zabet. Alikuwa amevaa kilemba cha umalkia, kwa kujiamini kwake, kama mtu aliyekuja kuchukua mkate wake dukani. Hata leo, pia bure?

"Mimi sikusikia kitu," alisema. "Nilikuwa napiga pasi."

 Zabet alikivua kile kilemba, akamwekea Filomen mkononi, akapanda mlima nyuma ya farasi wa yule mpwa.

Kiti Filomen akakipata. Mazoezi ya kwanza aliketi, gauni limenyooka, akaanzisha wimbo. Watu waliitikia kama wagonjwa wanaomeza dawa. Alimaliza beti zote, na akarudi nyumbani anamchukia Zabet hata kwa kutokuwepo.

Mwonja asali haonji mara moja. Yule mpwa alipoona Zabet amepatikana kirahisi, wiki mbili kabla ya sikukuu alirudi mezani kwa karani. Alisema alama iliyo kwenye karatasi ya Filomen si ya shangazi yake, ni ya kughushi.

Filomen akaitwa. Alikwenda kwa hasira, si kwa woga, maana haki yake aliijua. Karani akauliza nani alimwona Bibi akitia alama.

"Zabet. Ndiye aliyeshika kidau cha wino."

"Mwingine?"

"Tulikuwa watatu tu."

Karani akafunua daftari lake, akarudi nyuma kurasa chache, akaweka kidole. "Zabet huyu ni mtumwa wa bwana huyu. Mtumwa hatoi ushahidi hapa." Kisha akamtazama vizuri, akamkumbuka. "Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

Siku ya Mtakatifu Roza mjini waliandamana bila malkia. Filomen alikuwa mlimani, uani kwa yule mpwa, mbele yake pasi ya makaa na rundo la mashati. Jioni wakata miwa walikaa chini, wakamega mkate wa muhogo, na Zabet akaanzisha wimbo wa Waridi. Uwanja mzima ukaitikia kwa nguvu. Na amini usiamini, hata pale, katika hali ile, roho ilimuuma Filomen kwa ile sauti.

Wimbo ulipokwisha Zabet alimletea kipande cha mkate, akasimama kando ya pasi.

"Ningesema, Filo," alimwambia. "Kidau nilikishika kwa mikono yangu hii. Ungeniachia mdomo tu."

Akamwachia mkate juu ya mashati, akarudi kwa wenzake.