Hatua Sitini, Halafu Salamu

Nilianza kazi ya kuhesabu hatua za Bibi nikiwa kidato cha pili, na nimestaafu kabla sijaingia cha tatu. Nyie mnaokuja nyuma, tulieni niwaeleze kazi ilivyokuwa zamani, yaani mwaka jana.

Siku ya kwanza nilimsindikiza hospitali. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye kabichi zake Uluguru, akakaa kwetu mjini, Mafiga, akiwa na kidonda cha kidole cha mguu kilichogoma kupona.

"Shikamoo Bibi. Mguu unaendeleaje?" akauliza daktari mwanafunzi.

"Marahaba mwanangu. Mguu mzima kabisa, tunamshukuru Mungu."

Akaandika: hana maumivu. Nikacheka kwa pua.

Daktari Bingwa wa mishipa ya damu, mama mfupi wa sauti ya chini, aliisoma karatasi, akavuta kigoda, akaushika unyayo wa Bibi taratibu kama anasikiliza kwa vidole.

"Bibi amejibu kwa adabu," akawaambia wanafunzi wake. "Mguu hauna adabu. Uulizeni mguu."

Akaweka kipimo kidogo chenye spika, kinachotoa sauti ya damu ikipita. Mguu wa kulia ulivuma kama mto wetu kule juu baada ya mvua. Nikaona ukungu, mawe, majani yanayodondosha maji, nikasahau niko wapi. Wa kushoto ukawa kimya. Kimya tu.

"Mshipa umeziba. Tusipowahi, tutaukata mguu."

"Sasa mlimani nitapandaje?" Bibi akauliza, polepole.

Daktari akanigeukia mimi. "Akitembea, huwa anasimama?"

"Hasimami. Anasalimia watu. Huyu anasalimia mpaka mbuzi!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Anasalimia baada ya hatua ngapi?"

Ndo nikapewa daftari. Siku tatu nikamfuata Bibi mtaani. Hatua sitini: "Hamjambo hapo?" Sitini tena: "Za tangu jana?" Kumbe ukarimu wote aliosifiwa nao ulikuwa shavu la mguu linalolia kukosa damu.

Daktari Bingwa aliwasomea wanafunzi daftari langu. "Huu ndio utafiti. Huyu wa kidato cha pili amewapita." Nikavimba kichwa, mlango ukawa mdogo.

Akatoa mshipa pajani kwa Bibi mwenyewe, akaushona kuzunguka palipoziba, kama barabara ya mchepuko. Baadaye akaweka kile kipimo kwenye mguu wa kushoto. Mto ukarudi. Bibi akafumba macho akausikiliza, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kidonda kilipopona, tukatoka tena. Sitini. Mia. Mia mbili. Nikapoteza hesabu. Jirani yetu Mama Rose akanishika mkono: "Bibi yako tumemkosea nini? Anatupita kama asiyetujua!"

Hapo nikastaafu.

Likizo hii nimempeleka kwenye kabichi zake. Njia inapanda ndani ya wingu, na yeye yuko mbele, kanga tu inaonekana.

"We mstaafu! Mbona umesimama?"

"Nasalimia, Bibi."

"Unamsalimia nani huko?"

Nikaangalia huku na huku, nikihema. Mgomba mmoja.

"Hujambo?" nikauambia.