Kumtafuta Mama Mdogo Bila Kupiga Kelele

Kompyuta nilizijua kwa filamu kabla sijaona hata moja, na kosa langu lote lilianzia hapo. Katika nyumba ya video ya mtaa wetu, mjini Likasi, tulibanana kwenye mbao tukimtazama akteri, yaani yule shujaa anayekwepwa na risasi, akimsaka jambazi mkuu. Akteri hakujisumbua kuuliza majirani. Aliandika jina kwenye mashine, na papo hapo uso wa mtu ulitokea, ukageuka kulia, ukageuka kushoto, na chini yake mtaa na namba ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaamini kila kitu isipokuwa mateke.

Basi niliposikia kwamba mhandisi mmoja mzungu, alipofunga virago, aliiachia parokia kompyuta inayokamata intaneti kwa simu ya setilaiti, nilikimbia nyumbani bila kuuliza intaneti ni mnyama gani. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Mama, sasa tunaweza kumutafuta mama mudogo."

Mchi ulisimama.

Mama mdogo alikuwa ameondoka kwa treni, mwaka ule ambao watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale waliozaliwa Likasi na wasiojua kwao kwingine. Alilala stesheni wiki nyingi, na godoro moja na sufuria mbili, akingoja behewa. Mama alibaki kwa sababu baba ni mtu wa hapa. Baba alimtafutia kitambulisho kipya chenye jina la watu wa hapa, kutoka upande wa bibi yake baba, na tangu siku hiyo jina la mama la kuzaliwa halikutamkwa kwetu hata kwa kunong'ona. Miaka sita ilipita bila habari. Mama alitaka kujua jambo moja tu: mdogo wake yu hai au la.

Utauliza, kwa nini asitumie foni? Parokia ilikuwa nayo, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali, na Mbuji-Mayi, huko Kasai treni zilikokwenda, walikuwa wanajibu kila asubuhi. Lakini foni haina siri. Unapiga kelele, nao wanapiga kelele, na foleni nzima ukutani inasikia nani kafa, nani kazaa, nani kamkimbia mumewe. Tena mama angelazimika kusema nani anayetafuta, na mama mdogo alimjua dada yake kwa jina moja tu, lile lililofichwa.

"Minye nipige kelele ile jina mbele ya bantu?" alikuwa ameniambia siku moja. "Unataka batuue?"

Kwa hiyo nilimwahidi kwamba kwenye kompyuta mtu anaandika tu, hakuna anayesikia. Nilisema kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote.

Asubuhi yake alivaa kikwembe, kitenge chake cha Pasaka. Nilipomuuliza kwa nini, akaniuliza, "Na yeye ataniona?" Katika filamu anayetafutwa hakumwona akteri, lakini sikuwa nimewahi kumuuliza yeyote. Nikasema labda. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri zaidi.

Msimamizi wa kompyuta alikuwa yule yule mzee aliyeendesha foni, katika chumba kile kile. Alikuwa ameizoea foni mno hivi kwamba kila alipomaliza kusema kitu, hata akiwa anaomba chumvi, alisema "à vous", yaani sasa zamu yako kusema. Mashine ilipiga mluzi, ikakohoa, ikanyamaza. Ukurasa ulishuka polepole, mstari kwa mstari, huku umeme wa bwawa la Koni ukipepesa. Tuliandika jina la mama mdogo. Tukangoja. Hakuna. Tukabadilisha herufi moja, kisha nyingine. Hakuna, na wala hapakuwa na uso uliogeuka kulia au kushoto.

Ndipo mama alipochukua kalamu ya mzee, akaandika jina kwenye karatasi, akaisukuma kwake huku ameifunika kwa kiganja. Nilikuwa sijawahi kuliona kwa mwandiko wake.

"Ii ni jina ya nani?" mzee akauliza.

"Yangu," mama akanong'ona.

"Mama, weye uko hapa."

"Minayua niko hapa. Kama ndugu yangu ananitafuta, si atakuwa alisha niandika mule?"

Mzee alikuna kichwa. Nami nilikuna changu, maana kwangu hoja ile ilikuwa haina tundu, na hadi leo sijui ni nani wa kuniambia ilikuwa nalo. Akaandika. Tulingoja tena kwa muda mrefu.

"Hakuna."

"Hata muntu moja?"

"Hata moja, mama. À vous."

"Basi, uniandike."

"Ii mashini inatafutaka tu," mzee akasema kwa upole. "Kuandika muntu, hapana."

Nilichanganyikiwa. Katika filamu kila mtu alikuwa tayari ndani, hata majambazi. Nani alikuwa amewaandika? Nilipaswa kufurahi kwamba mama alikuwa amejificha vizuri kiasi kile. Badala yake niliona aibu, nikataka kuipiga mashine ile teke, la filamu kabisa. Miaka sita amelilinda lile jina, mimi nimemshawishi alitoe, na anaambiwa halipo.

Umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, tukajiona ndani yake, mama na kikwembe chake. Upande wa pili wa chumba foni iliendelea kukwaruza, kwa kuwa ilitumia betri ya gari.

Mama akasimama. Nilidhani tunakwenda nyumbani. Akaenda kujipanga mwisho wa foleni ya foni, nyuma ya mwanamke anayeuza mkaa kando ya meza ya mama sokoni, ambaye kwa miaka yote ile alimwita mama kwa jina la kitambulisho. Nilimvuta mkono. Hakunitazama.

Zamu yake ilipofika alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitaja jina la mdogo wake, na mtaa aliosikia kwamba alifikia. Akasema anatafutwa na dada yake, yuko Likasi. Kisha akalitaja lile jina, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Foni ikakwaruza. Halafu sauti ya mwanamume ikatoka Mbuji-Mayi, kali kuliko ya mwalimu: "Dada yake nani? Rudia jina. À vous."

Niliutazama mlango nikihesabu hatua. Muuza mkaa, aliyekuwa amemaliza kuzungumza na hakuondoka, alimtazama mama kwa muda, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Paza sauti, mama," akasema. "Kule habasikie."

Mama akakileta kipaza sauti mdomoni, akalirudia jina lake mpaka watu waliokuwa uani wakageuka.