Nyoka Niliyesema Hana Sumu

Mwaka nilipomaliza chuo kikuu, baba alisimama kanisani Majimoto baada ya matangazo ya katekista, akaomba nafasi ya neno moja. Alisema mtoto wake amerudi kutoka Dar es Salaam na digrii, na muda si mrefu atakuwa daktari. Akina mama wakapiga vigelegele. Nadhani wengi hawakuyasikia yale maneno ya "muda si mrefu". Tulipotoka nje, mzee wa kwanza kunipa mkono aliniambia, "Karibu nyumbani, daktari." Nikaitikia.

Digrii yangu ilikuwa ya elimu ya wanyama. Alama zangu za kidato cha sita hazikufika za udaktari, nikachukua nilichopewa, nikakaa miaka mitatu nikichora mabawa ya wadudu huku moyo wangu uko kwingine. Kwa mwenye digrii njia ilikuwa bado ipo: kulikuwa na mtihani wa kujiunga, kisha usaili, na ilitakiwa barua ya kuonyesha kwamba umefanya kazi karibu na wagonjwa. Ndiyo maana nilirudi kwetu. Asubuhi nilijitolea zahanati, mchana nilisoma fizikia na kemia ndani ya ghala la mpunga la baba, nimekalia gunia, vumbi la makapi likinikereketa koo.

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, ambaye mara nyingi alikuwa Mpanda kufuatilia dawa, na mhudumu mmoja, mama wa makamo aliyeishia darasa la saba. Siku ya kwanza mhudumu alinipa ufagio.

"Anza na hapa. Ukimaliza utachemsha sindano."

Nilifagia, nikachemsha sindano, nikafua mashuka, nikaandika majina ya wagonjwa. Nyumbani sikusema hayo. Nilikuwa na koti jeupe la maabara nililotoka nalo chuoni, nikawa nalivaa toka nyumbani mpaka zahanati, nikipita katikati ya soko. Watu wakiita "daktari" nilipunga mkono. Mhudumu aliniambia mara moja tu, "Hilo koti vua ukifagia, litachafuka," na mpaka leo sijui kama alikuwa ananionea huruma au ananicheka.

Wakati wa kuvuna mpunga, alasiri moja, jirani yetu alikuja nyumbani na mume wake. Ni mama aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, kipindi mama yangu alipougua. Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mume wake alikuwa na nyoka aliyekufa, amemning'iniza kwenye kijiti: mfupi, mwembamba, mweusi, anang'aa. Nyoka huyo alikuwa amejificha chini ya mafungu ya mpunga, akamng'ata yule mama kidole cha shahada.

"Daktari, hebu mtazame huyu," mume akasema. "Tumeona tupite kwako kwanza."

Watu walikuwa wamewafuata kutoka shambani. Nikamchukua yule nyoka, nikampanua mdomo kwa njiti, nikatafuta meno marefu ya mbele. Sikuyaona. Nikakumbuka picha ya nyoka mweusi asiye na madhara tuliyeonyeshwa chuoni, nikalitaja jina lake la Kilatini kwa sauti. Watu wakasogea karibu.

"Huyu hana sumu," nikasema.

"Kwa hiyo tusiende zahanati?" mume akauliza.

"Hakuna haja. Aoshe kwa sabuni, apumzike."

Ninachotaka kukisema hapa ni hiki. Niliona kidole kinavimba. Niliona yule mama anauma mdomo, jasho linamtoka puani, na nilijua nyoka asiye na sumu hamfanyi mtu mzima awe hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Ngojeni kidogo, sina hakika." Lakini walikuwa wameshaanza kunishukuru. Mzee mmoja alimwambia baba, "Umesomesha," na baba akainamisha kichwa kwa furaha. Nikaacha.

Siku ya pili sikwenda kumwona. Nilijiambia nina mtihani. Siku ya tatu asubuhi mhudumu alikuja mpaka mlangoni mwa ghala.

"Nimetoka kwa jirani yako. Kidole kimekuwa cheusi. Hajalala siku mbili kwa maumivu. Nani kamwambia akae nyumbani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Nilifunga kitabu changu. Alisubiri kidogo, halafu akaondoka haraka kwenda kutafuta gari. Siku hiyo mgonjwa alipandishwa lori la mpunga kupelekwa Mpanda, analia kila tairi likiingia shimoni. Huko wakakikata kidole.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona hospitali. Daktari wa wodi alinieleza kwamba yupo nyoka wa aina ile anayeishi chini ya udongo, ambaye meno yake hutokea pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa, ndiyo maana mtu akitafuta mbele hayaoni. Akasema huenda kidole kingepotea hata angewahi. Nikapumua. Halafu akauliza, "Lakini siku zote mbili hakupewa hata dawa ya maumivu?" Hakupewa. Alikuwa kitandani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi nilikuwa najisomea.

Yule mama aliponiona alitabasamu. "Nyie, daktari wetu kaja," akawaambia wenzake wa wodini. Wote wakageuka. Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba mimi si daktari. Nikamuuliza kama amekula.

Tabibu aliponiandikia barua ya chuo, alimuuliza mhudumu aseme nini. Akasema, "Andika anawahi, anafagia vizuri, na ukimuuliza kosa lake anakubali." Tabibu akaandika kwamba mimi ni mchapakazi na mkweli.

Nilifaulu mtihani, nikapanda treni kwenda Dar es Salaam kwenye usaili. Walikuwa watatu, nyuma ya meza. Mmoja akauliza, "Kuna mgonjwa yeyote unayemkumbuka?"

Nikawaambia habari za mama aliyeng'atwa na nyoka shambani. Nikasema nilimtambua yule nyoka mara moja, nikaeleza meno yanayotokea pembeni, nikasema nilimpa dawa ya maumivu na kumwahisha Mpanda siku ileile. Nilieleza vizuri. Waliandika. Mmoja wao akasema, "Hapo elimu ya wanyama ilikusaidia," nami nikasema ndiyo.

Nikapata nafasi.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta anapepeta mchele, ungo ukiyumba kwenye ule mkono wenye vidole vinne.

"Mama, siku ile mimi sikuwa daktari. Nilikuwa sijui."

Akaweka ungo chini.

"Baba watoto alitaka twende zahanati palepale," akasema. "Mimi ndiyo nilikataa. Nikamwambia, mtoto wetu ameshasema."

Sikuweza kumtazama.

"Sasa ndiyo unakwenda kusomea?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, kasome."

Habari ya usaili sikumwambia. Alifariki kwa ugonjwa mwingine nikiwa mwaka wa nne, na sikuwahi mazishi. Wale watatu wa nyuma ya meza sikuwahi kuwarudia kuwaambia ukweli pia, ingawa wawili walinifundisha, na mmoja alikuwa akinisimamisha mbele ya darasa niwasimulie wenzangu kisa kile cha nyoka. Nilikisimulia kila aliponiomba.