Filamu ya Waingereza Niliyomtafsiria Mama

Mama alitoka kijijini kwetu Mazingara akaja kwangu Kwamndolwa, hapa Korogwe, baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, na lile jingine halikuwa likimsaidia sana. Basi jioni tukiwasha televisheni, yeye anasikiliza na mimi namtafsiria.

Siku moja wakaonyesha filamu ya maisha halisi ya Waingereza wa leo, zile zinazotengenezwa ili sisi wa nje tuwajue. Nilimweleza treni, bustani, na mtaa wenye msikiti na duka la Wahindi. Hapo Mama akacheka, "Kumbe na kule wapo!"

Kisha akaja bibi mmoja wa Kizungu, anakula peke yake, redio pembeni. Akasema mwanawe anaishi mwendo wa nusu saa tu, lakini hajamwona tangu Krismasi.

Nikasita. Mimi mwenyewe sikuwa nimekanyaga Mazingara tangu mavuno ya mwaka uliopita.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema mwanawe yuko nchi nyingine, kikazi."

Binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Baba, hakusema hivyo. Bibi, amesema anakaa karibu tu, ila haji."

Mama akanigeukia. "Ulikuwa unamsitiri nani, mwanangu? Huyo kijana wa Kizungu, au wewe?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

"Haya. Endelea. Sasa anasemaje?"

Nikaendelea, safari hii neno kwa neno. Yule bibi alisema amezoea, ila siku za Jumapili huwa ndefu.

"Kwangu ni Ijumaa," Mama akasema taratibu. "Watu wakitoka msikitini, kila mmoja na kwake."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia.

Bandeji ilipotolewa, sikumkabidhi kwa kondakta kama nilivyozoea. Tulipanda basi pamoja, nikakaa kwake siku nne, nikaezeka upya jiko lililokuwa likivuja. Alinipitisha nyumba kwa nyumba, mimi nikitoa shikamoo, yeye akiwasimulia majirani jinsi anavyoona sasa hadi majani ya mihogo ya ng'ambo ya korongo.