Kamera ya Getini

Mwaka ule tuliibiwa mara nyingi mpaka nikaacha kushangaa. Kwanza yalikwenda mashuka niliyoanika uani. Kisha mtungi wa gesi, mpira wake ukakatwa kwa kisu. Mwisho mtu aling'oa koki ya tangi, na maji tuliyoyasubiri wiki nzima yakamwagikia mchangani. Nilirudi kazini nikakuta uwanja umelowa na kuku wa jirani wanakunywa. Nilikaa kwenye ngazi na viatu vyangu miguuni. Hata hasira sikuwa nayo.

Tulihamia Dodoma wizara ninayofanyia kazi ilipohamia, tukapanga nyumba mtaa wa Kikuyu. Baba watoto akapata kazi bwawani Mtera, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Watoto walikuwa shule ya bweni. Mimi niliondoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba na kurudi magharibi, kwa hiyo nyumba ilishinda peke yake, na kila mtu mtaani alijua hivyo.

Nilipompigia baba watoto kumwambia habari ya koki, alisema atakuja na dawa yake. Alipokuja alishuka na boksi dogo.

"Umenunua kamera?" nikamuuliza.

"Siyo kamera. Ni danganya toto." Akacheka. "Au tuseme danganya mwizi."

Lilikuwa kasha la plastiki lenye kioo cheusi mbele na kitaa chekundu kilichowaka na kuzima. Halikuwa na waya uliokwenda popote. Alilifunga juu ya geti, likielekea barabarani, akashuka akifuta vumbi mikononi.

"Usimwambie mtu," akasema. "Ukimwambia mmoja tu, imekufa."

Ilifanya kazi, siwezi kukataa. Tulikaa miezi bila kupotelewa hata na kijiko. Ila majirani walianza kuja. Mwalimu wa nyumba ya pili alitaka kujua nani anamwaga taka ukutani kwake. Mwingine alipita na mtoto mgongoni, akasimama karibu sana nami na kunong'ona, "Dada, wewe una mashine. Niambie tu, juzi baba yao alipita hapa saa ngapi?"

Niliwaambia picha zinakwenda kwenye simu ya baba watoto, naye yuko Mtera, mtandao wa kule ni wa shida. Nilisema hivyo getini, nilisema dukani, nilisema kanisani baada ya ibada. Nilikuwa nikitoka kazini kichwa kinagonga, na kabla sijafungua mlango nakuta mtu ananingoja na swali lake. Nikaanza kupita njia ya nyuma.

Jirani yetu wa mbele alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenyeji wa hapahapa Ugogoni. Alikuwa na kisima uani kwake, na mtaa mzima tulinunua maji pale bomba lilipokauka. Usiku mmoja pampu yake ikaibiwa. Mtu akasema alisikia pikipiki ikipita usiku huo. Mtaani kwetu aliyekuwa na pikipiki ni mmoja tu, kijana wa bodaboda kutoka Chemba, aliyepanga chumba mwisho wa barabara.

Jumapili, nikiwa nafua uani, nilisikia kelele getini. Nilipofungua nilikuta kundi la watu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mbele. Katikati walikuwa wamemshika yule kijana, shati limechanika begani.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mwenyekiti.

"Marahaba. Samahani mama, tunakusumbua siku ya mapumziko. Tunataka kuangalia kamera yako. Njia ya kwenda kwa mama wa kisima ni hii tu."

Kabla sijajibu, kijana akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia waje, mama. Waonyeshe. Kama nilipita usiku ule, wanifanye wanavyotaka."

Ningeweza kusema umeme ulikatika. Uongo ulishafika mdomoni, ulikuwa umezoea njia. Lakini kijana yule alikuwa ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika majibu, na mimi nilikuwa nimechoka. Sijui kipi kilitangulia, huruma au uchovu.

"Haioni," nikasema.

"Imeharibika?" mwenyekiti akauliza.

"Haijawahi kuona. Ni plastiki tu. Tuliweka kutishia wezi."

Hakuna aliyeamini. Mama wa kisima alisogea mbele, kanga ameikaza kiunoni. "Unamficha," akasema. "Si ndiye anayekupeleka stendi kila alfajiri? Unamficha mtu wako, na mimi nitakula nini?"

Sikubishana naye. Niliingia ndani nikatoka na stuli na kisu cha jikoni, nikapanda, nikafungua skrubu moja moja huku watu wananiangalia. Nikampa mwenyekiti. Aliigeuza, akaifungua. Ndani mlikuwa na betri mbili na kipande cha chuma cha kuipa uzito.

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, wakafuatia wengine. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Na sisi tulivyokuwa tunapita hapa tunanyoosha mashati!" akasema. Waliomshika kijana walimwachia ili wapate kuipokea kamera na kuiangalia.

Mama wa kisima hakucheka. Aliketi kwenye jiwe kando ya geti, akajifunika uso kwa kanga. Kijana naye hakucheka.

"Kwa hiyo hakuna picha?" akaniuliza.

"Hakuna."

Niliwaambia watu kwamba mimi namfahamu, kwamba niliwahi kusahau pochi kwenye pikipiki yake akanikimbilia nayo kabla basi halijaondoka. Sijui kama kuna aliyesikia. Mwenyekiti ndiye aliyemaliza.

"Hatuna shahidi," akasema. "Mtu asimguse kijana huyu. Mama, twende kituoni ukaandikishe."

Wakatawanyika. Nikarudi kwenye beseni, maji yamejaa vumbi.

Pampu haikupatikana. Wiki chache baadaye kijana alikuja jioni kuniaga, mkoba wake umefungwa nyuma ya pikipiki.

"Narudi nyumbani, mama. Nikisimama kijiweni, abiria ananiangalia mara mbili halafu anapanda ya mwenzangu."

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa. Wasalimie watoto."

Baba watoto alipokuja na kukuta geti tupu, nilimsimulia. "Ungesema imeharibika," akasema.

"Ningesema mara ngapi?"

Alikwenda kuoga.

Kwa muda mrefu mama wa kisima alinipimia maji bila kunitazama. Alikuwa anavuta kwa kamba na ndoo, mikono ikamchubuka. Asubuhi moja nilimkuta anahema, ndoo imekwama katikati. Niliweka begi la ofisi chini, nikashika kamba nyuma yake, tukavuta pamoja. Sketi ikalowa. Tulipomaliza akasema, "Mbukwa," salamu ya kwao, kama ndiyo kwanza tunaonana. Sikujua namna ya kuitikia, akanifundisha.

Siku hizi namwachia yeye ufunguo wa geti. Anakaa pale kisimani kutwa, hana pa kwenda. Tangu hapo tumeibiwa mara moja, ndoo mbili na ufagio. Aliniambia mwenyewe kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amekwenda msibani, akasema, na alichelewa kurudi. Nikamwambia asijali, nikaingia kutafuta kitu cha kukingia maji.