Pete ya Nati

Ukitaka kumuudhi Bi Kadija Shamte, sonara wa Kilwa Masoko, mpelekee mkufu wa kuchovya umwambie ni dhahabu. Hatakutukana. Atausugua mara moja kwenye jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu, atautazama mstari unaobaki, kisha atakurudishia mkufu wako na kuendelea na kazi yake kama vile hujaingia. Watu wanasema ana maringo. Maringo anayo, tusidanganyane, lakini na huzuni pia anayo. Miaka hii wateja wengi hawaji kutengenezewa kitu, wanakuja kuyeyusha vya bibi zao. Bangili za fedha alizozichonga marehemu baba yake, huyohuyo aliyemfundisha kazi kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, Bi Kadija amezitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, na kila akiyeyusha moja hukosa raha siku nzima.

Ndiyo maana Musa na mkewe Maimuna walipomjia kutaka pete mpya, alifurahi kupita kiasi. Walitoka kisiwani Songo Mnara. Musa alikuwa fundi wa injini za boti, kijana wa maneno mengi. Maimuna alilima mwani, kutwa mikono majini akifunga miche kwenye kamba. Pete yake ya ndoa, ya fedha, maji ya chumvi yalikuwa yameifanya nyeusi tititi. Ya shaba aliyojaribu baadaye ilimwachia kidole kijani, na ya kuchovya ikabanduka kabla mwezi haujaisha. Dhahabu hawakuiota.

"Bi Kadija, mie nataka kitu ambacho bahari haikiwezi," Musa alisema. Akatoa mfukoni nati nene ya stenlesi, kile chuma cheupe kisichoshika kutu, aliyoifungua kwenye injini iliyokufa. "Hii imekaa majini tangu sijaoa. Hebu itazame."

"Mume wangu kichaa huyu," Maimuna akasema, lakini huku anacheka na kidole ameshakinyoosha kipimwe.

Sonara mwingine angewafukuza. Bi Kadija aliitoboa nati ile kwa keekee mpaka hesi, ile mikunjo ya ndani ya kukazia, zikaisha, akazichonga pembe zake zote kwa tupa, akaisugua mpaka ukaweza kujiona sura. Iliziua tupa zake mbili nzuri. Alipomvisha Maimuna ilimkaa barabara, na jioni ile mtaa mzima ulisikia kwamba Bi Kadija ameishinda bahari.

Miaka ikapita. Maimuna akazaa, akanenepa, pete ikawa haitoki tena, wala hakuna aliyetaka itoke. Kisha homa ikamkamata Musa. Akafia njiani akipelekwa Lindi, wakamrudisha kisiwani wakamzika.

Haukupita muda Bi Kadija akaitwa Songo Mnara. Maimuna alikuwa ameingia eda, na mwanamke wa eda havai pambo. Hereni alizivua, bangili alizivua, pete ikagoma. Walijaribu sabuni, wakajaribu mafuta ya nazi, wakakizungushia kidole uzi, kikazidi kuvimba. Fundi mwanamume hawezi kuingia chumbani kumshika mkono mjane, na sonara mwanamke wanamjua mmoja tu. Bi Kadija akafunga vifaa vyake kwenye kanga, akapanda boti akiwa na uzito moyoni.

Alimkuta Maimuna amekaa mkekani, amejifunika nguo nyeupe, macho makavu. Kando yake alikaa Bi Somoe, mama yake Musa.

"Shikamoo, Bi Kadija."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Poleni sana."

"Niombee kwao," Maimuna akasema chini chini. "Waniachie hii tu."

Bi Kadija akapiga moyo konde. "Dada Somoe, dhahabu ni pambo. Fedha ni pambo. Hiki ni chuma cha injini. Nani anajipamba kwa nati?"

Bi Somoe akamgeukia. "Mbona ulipomvisha ulituambia ni pete?"

Bi Kadija akakishika kidole cha Maimuna, akakitazama kilivyovimba.

"Mwanangu kalazwa chini hana hata uzi zaidi ya sanda," Bi Somoe akaendelea. "Mkewe akae na kinachong'aa mkononi? Watu watasema nini? Ikate, dada. Nakuomba."

Laiti angekuwa mama mkwe mkorofi, ingekuwa rahisi kumchukia. Bi Kadija akafungua kanga yake.

Msumeno wake mwembamba, unaokata dhahabu kama jibini, uliteleza juu ya chuma kile na uzi wake wa meno ukakatika. Akaweka mwingine, nao ukakatika. Akashika tupa. Chuma kikapata moto, Maimuna akauma pindo la nguo yake asipige kelele, Bi Somoe akawa anamwagia maji kidoleni. Ingekuwa fedha, kazi ingekuwa imeshakwisha zamani. Bi Kadija aliusaga ule ugumu aliojisifia, na akajichukia. Akakata upande mmoja, akapumzika, akakata wa pili. Pete ikaanguka mkekani vipande viwili.

Maimuna akaviokota mwenyewe, akavifuta kwa nguo, akavikutanisha kiganjani mpaka vikawa duara.

"Eda ikiisha nitakuletea," akasema, na uso wake ukawa na nuru kidogo kwa mara ya kwanza. "Utaniungia, eti, Bi Kadija?"

Bi Kadija alitamani kusema ndiyo. Fedha huungwa, dhahabu huungwa, hata shaba ikivunjika huwekwa motoni ikarudi. Lakini stenlesi haikubali lehemu yake, moto wake hauiwezi, na wale wa kuchomelea mageti wangekiunguza kitu chembamba namna ile kikaisha. Siku ile Musa alipoitoa mfukoni walitazama tu kama itadumu, na yeye aliyekuwa sonara hakuwaambia kwamba ikikatika ndiyo basi.

"Haiungiki, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Hii haiungiki."

Maimuna alivitazama vile vipande. Mazikoni hakulia, na waliokuja kumpa pole walikuwa wameanza kumsema kwa hilo.

"Kumbe Musa amekufa," akasema.

Ndipo alipolia, kwa sauti iliyowaleta watu mlangoni, na Bi Somoe akamvuta kifuani wakalia wote wawili.